Gari kuukuu la dizeli liuzwe pamoja na daftari lake

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji wako wa Morogoro aliuliza kama anaweza kununua Land Cruiser pikapu ya mwaka 1996 iliyotembea kilomita 400,000, ya kubebea mpunga kutoka shambani. Toleo lililofuata msomaji mwingine alimjibu kwamba gari la dizeli likishavuka kilomita 200,000 ni chuma chakavu, asiliguse. Jibu hilo si sahihi. Na kwa kuwa fedha inayozungumzwa hapo ni mavuno ya mtu ya miaka mitatu au minne, naomba nafasi nieleze ninachokijua.

Mimi ni dereva mstaafu. Nilianza kazi katika hospitali moja ya misheni hapa Ruvuma mwaka 1992, nikastaafu 2019. Mwaka 1994 nilikabidhiwa Land Cruiser pikapu mpya, toleo la HZJ75, injini ya 1HZ, na gari hilo moja ndilo nililoendesha mpaka siku yangu ya mwisho kazini. Lilibeba dawa kutoka Songea, lilibeba saruji na mabati ya zahanati za vijijini, lilibeba wagonjwa, na mara nyingi mno lilirudisha maiti nyumbani kwao. Barabara ya kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay haikuwa na lami wakati huo. Masika unaondoka kandokando ya ziwa saa tatu usiku, mama mwenye uchungu wa siku mbili amelazwa nyuma, ndugu zake wameshikilia turubai lisipeperuke, na mlima wote uko mbele yako. Gari likizima hapo, mtu anakufa. Kwa hiyo suala la gari lipi ni la kuaminiwa, kwangu halijawahi kuwa soga za kijiweni.

Siku namkabidhi mwenzangu funguo, gari lilikuwa limetembea kilomita 468,000. Hedi, yaani kifuniko kizito cha juu ya silinda, ilifunguliwa mara moja tu, mwaka 2009, kubadili gasketi. Pistoni hazijawahi kuguswa.

Injini ya 1HZ ilianza kutoka mwaka 1990. Ina silinda 6 kwenye mstari mmoja, ukubwa wa sentimita za ujazo 4,164, bloku na hedi vyote ni chuma kizito cha kumimina. Haina turbo wala kompyuta, na pampu yake ya dizeli inafanya kazi kimakanika tupu. Nguvu yake ni ndogo ukilinganisha na ukubwa wake, yaani haikamuliwi, na ndiyo maana hudumu. Kilomita 400,000 kwa injini hiyo ikitunzwa si kitu cha kumtisha mtu. Nimeona zilizokufa na kilomita 120,000, rejeta imejaa maji ya bomba yenye kutu, oili inabadilishwa siku mwenyewe akikumbuka.

Halafu hizo namba zenyewe za kwenye dashibodi. Mwaka 2021 mpwa wangu, mkulima wa kahawa, aliziamini. Alikwenda Dar es Salaam bila kuniambia kwa sababu alitaka nilione gari likiwa limeshafika uani. Dalali alimwonyesha pikapu yenye kilomita 183,000 na kadi ya 1997. Injini imeoshwa inang'aa. Oili kwenye kijiti ina rangi ya asali. Ufunguo uliguswa mara moja tu, gari likawaka. Akalipa shilingi milioni 26.

Kila alichokifurahia pale ndicho kilichopaswa kumshtua. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa. Ukiikuta ya asali imewekwa juzi, na ile iliyomwagwa ndiyo ungetaka kuiona. Injini iliyooshwa kwa mafuta ya taa haionyeshi panapovuja. Na kule kuwaka kwa mguso mmoja kulikuwa saa sita mchana, kwenye joto la Dar es Salaam, tena injini ilikuwa imeshatembea: alikumbuka baadaye kwamba boneti ilikuwa ya moto alipoishika. Mita ya spidi ya magari yale inazungushwa na waya mrefu utokao kwenye giaboksi. Waya ukifunguliwa, gari linatembea mwaka mzima namba zimelala. Mpwa wangu hakutazama raba ya pedali ya klachi, ambayo ilikuwa imelika mpaka chuma kinaonekana. Kilomita 183,000 hazili pedali namna hiyo.

Alikuwa amepakia mabati ya dada yake. Katikati ya mlima Kitonga mshale wa joto ulipanda, kisha ukashuka ghafla, akadhani limepoa. Kumbe maji yalikuwa yamekwisha, na kipimo kisichoguswa na maji hakisomi ukweli. Akaendelea kukanyaga mpaka likazima lenyewe. Iringa walipofungua hedi walikuta ufa kati ya vali mbili, na pembeni ya ufa kovu la kuchomelewa zamani. Maana yake aliyemuuzia alijua, au kuna mmoja kabla yake aliyejua akanyamaza. Hedi nyingine na kazi yake vilifika milioni 3 na laki nne. Alilala ndani ya gari siku tisa. Alinipigia simu analia, na ni mtu mzima mwenye watoto wanne.

Tangu hapo watu huniomba niende nao kutazama magari. Sidai malipo, nauli tu na chakula. Nitaeleza safari moja, maana ndani yake mna karibu kila ninachokiangalia.

Julai 2023 nilikwenda Njombe na mama mmoja mfanyabiashara wa viazi. Gari lilikuwa la 1995, kilomita 431,000, mali ya mkulima mwenye shamba la miti. Jioni yake nilimpigia simu nikamwomba jambo moja: asubuhi asiliwashe mpaka tufike. Tulifika saa kumi na mbili na nusu, ukungu umelala juu ya nyumba. Njombe mwezi wa Julai ni mahali pazuri pa kupimia dizeli. Dar es Salaam gari lenye plagi za hita zilizokufa na injini iliyochoka linawaka bila shida, kwa kuwa hewa yenyewe ina joto. Lipandishe Makete, Njombe au Mbinga ndipo utakapolijua. Ndugu zangu wa nyanda za juu wanaonunua magari Pwani walikumbuke hili kabla ya kutoa fedha.

Niliweka kiganja kwenye boneti, ilikuwa baridi. Kabla ya kufungua chochote nikaminya mpira wa juu wa rejeta. Ulikuwa laini. Ukiukuta mgumu asubuhi, gari limelala usiku kucha, jua kuna gesi ya silinda inayopenya kwenye maji; mimi hapo huaga nikarudi nyumbani. Nikafungua rejeta. Maji yalikuwa ya kijani, hayana kutu wala utando wa mafuta. Nikachomoa kijiti cha oili: nyeusi, haina povu la rangi ya maziwa. Nikainama kuchungulia chini. Palikuwa na matone mawili ya oili kwenye udongo, usawa wa sili ya nyuma ya injini. Mwenye gari akaona aibu. Nikamwambia, mzee, matone hayo yamenifurahisha, yananionyesha hukuliosha kwa ajili yangu.

Taa ya hita iliwaka ikazimika, naye akawasha. Injini ilishika upesi, ikatoa moshi mweupe unaouma macho kama nusu dakika, ukaisha. Huo ni moshi wa dizeli ambayo haijaungua sawasawa, na kwa baridi ile ni kawaida. Nilimwomba aondoe mfuniko wa rejeta tena, nikatazama maji injini ikiunguruma. Hakukuwa na mapovu yanayopanda mfululizo. Kisha nikaenda kusimama nyuma ya ekzosi dakika kumi nzima. Nilikuwa nangoja moshi wa bluu, ambao ni oili inayoungua, na nilikuwa nangoja moshi mweupe usiokoma wenye harufu tamutamu, ambao ni maji ya rejeta. Hakuna uliokuja. Moshi mweusi kidogo ukikanyaga ghafla haunisumbui sana. Mara nyingi ni chujio la hewa au nozo, na hivyo hununuliwa dukani.

Baada ya hapo nilifungua mfuniko wa kujazia oili, nikaugeuza, nikaulaza juu ya tundu lake bila kuufunga, injini ikiwa imewaka. Ulitetemeka tu ukabaki palepale. Injini iliyokwisha pete za pistoni huurusha mfuniko huo, na moshi hutoka pale kwa mapigo, kama mvuke wa birika. Kipimo hiki hakihitaji mashine wala senti moja, na mimi nakiamini kuliko maneno ya mtu yeyote.

Tulitoka nalo kuelekea upande wa Makambako, kilomita ishirini hivi kwenda, ishirini kurudi. Njiani nilisimama mara mbili kugusa ule mpira wa juu wa rejeta. Mara ya kwanza ulikuwa baridi kabisa ingawa injini ilishaanza kupata joto. Mara ya pili ulikuwa wa moto. Ina maana thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ipo na inafungua kwa wakati wake. Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya mafundi watanikasirikia. Tabia ya kung'oa thamostati na kuitupa kila gari linapochemsha inaua injini zetu. Bila thamostati injini hukaa baridi mno kwenye tambarare, dizeli haiungui vizuri na oili huchafuka upesi. Na katika injini nyingi za Toyota, ikishatolewa, ile njia ya pembeni ya maji hubaki wazi, sehemu ya maji huzunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na mlimani ndipo yanapochemka. Mpira wa juu ukianza kupata uvuguvugu tangu dakika za mwanzo pamoja na injini, thamostati haimo. Muulize mwenye gari kwa nini ilitolewa. Hakuna anayeitoa kwenye gari lisilochemsha.

Tuliporudi nilizima injini, tukanywa chai, ikapita kama dakika ishirini, nikawasha tena. Wengi hupima gari likiwa baridi wakasahau kulipima likiwa la moto. Pampu ya dizeli ya 1HZ hailainishwi na oili ya injini. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Pampu ikilika, dizeli iliyopata joto huwa nyepesi, inavuja ndani kwa ndani, na gari lililowaka vizuri asubuhi linagoma mchana baada ya kusimama kidogo. Fundi wangu wa miaka mingi alinifundisha: likigoma hivyo, weka juu ya pampu kitambaa kilicholowa maji ya baridi, subiri, uwashe. Likikubali, pampu imekwisha. Wanaokumbuka siku za uchakachuaji, 2010 na 2011, kabla serikali haijapandisha kodi ya mafuta ya taa, watanielewa. Mafuta ya taa hayana utelezi wa dizeli. Pampu nyingi zilikufa miaka ile, na magari yaliyopitia vituo vya namna hiyo bado yako barabarani yanauzwa.

Lile la Njombe liliwaka bila kusita. Nikatandika gunia nikaingia chini.

Chini ya gari natumia muda mrefu kuliko mahali pengine, kwa sababu injini ya 1HZ hata ikifa utapata nyingine, lakini chesisi iliyooza humalizi nayo. Magari yaliyokaa Zanzibar, Tanga, Mtwara au ufukweni Dar es Salaam huliwa na chumvi kuanzia ndani ya chesisi, huku nje rangi inapendeza. Ya kwetu kandokando ya Ziwa Nyasa hayapati ugonjwa huo, ziwa letu ni la maji baridi. Kwa magari ya bara adui ni mzigo. Natazama nyuma ya kabini pale bodi ya kupakilia inapoanzia, maana hapo ndipo chesisi hupasuka gari likibebeshwa kupita kiasi. Natazama vishikizo vya springi, na mahali sanduku la usukani linapofungwa. Rangi nyeusi mpya mahali pamoja peke yake ni dalili kwamba pamechomelewa. Nagonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti iliyokufa.

Kadi nayo isomwe mbele ya gari, namba moja baada ya nyingine, ya chesisi na ya injini, si kwenye picha ya simu. Na kuna jambo la kuangalia ambalo halidanganyi. Mwaka 1999 Toyota ilibadilisha pikapu hizi: springi za mbele za vyuma vilivyopangwa ziliondolewa zikawekwa za koili, na rimu zikatoka kwenye bolti 6 zikawa za bolti 5. Ukiletewa gari ambalo kadi inasema liliundwa 2004 huku rimu zina bolti 6 na springi za mbele ni za vyuma vilivyopangwa, usibishane na mtu, ondoka.

Giaboksi, difu, klachi na breki sina mengi ya kusema juu yake, utavisikia mwenyewe ukiendesha. Gia ya tano ikiruka unapoachia mafuta, bei ishuke. Maungio ya ekseli ya mbele nyuma ya magurudumu yakivuja grisi nyepesi kama uji, oili ya difu imepenya sili; ni kazi ya kutengenezeka. Ila gari lililofungiwa turbo baadaye mtaani, kwenye 1HZ ambayo haikutoka nayo kiwandani, simshauri mtu kuligusa. Joto lile linaishia kwenye pistoni na hedi.

Mama yule alilinunua kwa milioni 24, na mpaka leo linashusha viazi Makambako.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Yote niliyoyaeleza, Mhariri, ni kukisia. Ni kukisia kwa mtu aliyezoea, lakini kuna kitu kimoja ndani ya injini ile ambacho hakuna kiganja wala sikio litakalokuambia hali yake, nacho ni mkanda wa taimingi. 1HZ hutumia mkanda wa mpira kuzungusha kamshafti na pampu ya dizeli. Unatakiwa ubadilishwe kila kilomita 100,000, na kwenye dashibodi kuna taa iliyoandikwa T-BELT ya kukumbusha. Taa hiyo inafuata kilomita zilezile zinazoweza kulazwa, na inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Mkanda unaokaribia kukatika haupigi kelele. Ukikatika, pistoni zinagonga vali. Kitu pekee kinachoweza kukuambia umetembea kiasi gani ni maandishi ya aliyeufunga.

Mimi niliandika. Katika miaka 25 nilijaza kaunta buku saba: kila oili, kila chujio, kila plagi, kila nozo, tarehe, kilomita na jina la fundi. Daftari la saba linaanza Aprili 2015, na mstari wake wa kwanza unasema balbu ya T-BELT imeungua, nahesabu mwenyewe. Agosti mwaka huohuo, kilomita 391,600, nimeandika mkanda mpya umefungwa. Nilipostaafu niliacha madaftari sita kwenye kabati la ofisi ya usafiri. La saba lilikuwa ndani ya begi langu siku ile, likaja nyumbani nami bila kukusudia. Mwaka uliofuata gari lilipigwa mnada, ofisi ikasafishwa, na yale sita yakachomwa pamoja na karatasi za zamani. Naishi kilomita 4 kutoka hapo. Hakuna aliyeniuliza.

Aliyelinunua ni mtu wa Tunduru. Mwaka 2022 alinitafuta mpaka akanipata, baada ya kuambiwa dereva wa zamani wa lile gari yuko hai. Mkanda ulikatika barabarani, gari lina kilomita 496,000, na katika vali kumi na mbili, nane zilikuwa zimepinda. Hakuja kulalamika, alikuja kuuliza kama nilikuwa najua lolote. Nikamfungulia daftari. Hesabu ilikuwa pale kwa mwandiko wangu: ulitakiwa ubadilishwe kwenye 491,600. Alikaa kimya anautazama ule mstari muda mrefu. Mkanda na kazi ya kuufunga visingemfikisha laki nne. Yeye alitumia zaidi ya milioni mbili, na mahindi yake yakafika sokoni wenzake wameshauza. Bwana yule hakuwa mzembe. Alinyimwa mstari mmoja wa maandishi uliokuwepo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wote wanaouza magari ya kazi kwa mnada: wizara, halmashauri, mashirika ya dini, miradi ya wafadhili. Magari mengi ya dizeli tunayoyanunua huku vijijini yalianza maisha yake na namba za STK za serikali au DFP za miradi ya wafadhili, au yakiwa ya parokia na hospitali. Matangazo ya mnada husema mali inauzwa kama ilivyo na mahali ilipo. Sina ubishi na hilo. Lakini faili la matengenezo ni sehemu ya gari lilivyo. Nimekwenda mnadani na watu mara tatu. Mara zote tatu betri zilikuwa zimetolewa, tukaruhusiwa kuchungulia tu, na tulipoomba faili tukaambiwa ni mambo ya ndani ya ofisi. Tarehe ya kubadili oili si siri ya ofisi. Kama mna kurasa za safari na majina ya watu ambayo hayapaswi kuonekana, zitoeni, mtuachie za matengenezo. Na siku ya ukaguzi rudisheni betri, gari liwashwe mara moja asubuhi likiwa baridi, mbele ya wanunuzi wote. Muuzaji hapotezi chochote. Gari lenye faili kamili mimi ningemwambia mtu aongeze milioni 3 juu ya bei yake bila wasiwasi, maana fedha hiyo ataitumia vilevile kwa fundi kama akinunua bila kujua.

Madereva wenzangu mlio kazini, andikeni kwa kalamu ya wino. Na gari likitoka mikononi mwenu, hakikisheni daftari limo ndani ya droo ya dashibodi kabla hamjatoa funguo.

Ndugu wa Morogoro, nenda ukalione hilo la kilomita 400,000. Fika alfajiri. Usiulize kilomita kwanza. Uliza nani aliliendesha, kisha mtafute mtu huyo uzungumze naye. Na ukilinunua, badilisha mkanda siku hiyohiyo, hata mwenyewe akikuapia kwamba ni mpya.

Yule wa Tunduru alizipiga picha kurasa kwa simu, daftari akaniachia. Baadaye nilisikia gari ameliuza kwa mtu wa upande wa Masasi, na sidhani kama picha zilikwenda nalo. Daftari la saba liko hapa nyumbani kwangu. Gari ni jeupe. Kiti cha dereva kimeshonwa na mke wangu kwa uzi wa bluu upande wa kushoto, na mlango wa kulia una kibonyeo chini ya kitasa. Aliye nalo sasa aje Mbinga alichukue. Akiuliza kwenye gereji zilizo karibu na stendi wataniita. Akiweza, aje akiliendesha.

Dereva mstaafu,
Mbinga, Ruvuma